Gitare na Blanketi la Chui

Watu wa Iroquois, kule kusini mwa Louisville, wakikuelekeza kwa Rudasingwa hawakutajii namba ya nyumba. Wanakuambia tu ufuate barabara ya bustani mpaka umwone mzee anazungumza na mashine. Na kweli, kila asubuhi atokapo kazini ghalani, kabla hata hajavua viatu, utamkuta nyuma ya jiko lake, mikono mgongoni, akilitazama sanduku kubwa la bati lenye feni tumboni.

Sanduku lile ni nusu ya pampu ya joto. Nusu nyingine imo ndani ya nyumba, kabatini, na kazi yao ni moja: kiangazi huipoza nyumba, majira ya baridi huipasha. Lakini Rudasingwa, tangu alipoacha ng'ombe wa baba yake milimani Minembwe, huko Kongo, hakuwahi kumiliki tena kitu kinachosimama nje na kupumua. Siku ya kwanza baada ya kukabidhiwa funguo za nyumba alilizunguka lile sanduku, akaligonga mbavuni, akainama kusikiliza. Lilikuwa jeupe lenye mabaka ya kijivu. Akaliita Gitare, jina la ng'ombe mweupe aliyemchunga ujanani, na kuanzia hapo hakuna aliyeruhusiwa kuliita sanduku.

Gitare alikatiwa nyasi pande zote. Majani yakidondoka mgongoni mwake, Rudasingwa anayaokota moja moja. Mkewe Nyirabeza, ambaye hutunza wazee katika nyumba ya wazee na amezoea vituko vya kila aina, husema ameona wanaume wanaopenda magari na wanaume wanaopenda mpira, ila mwanamume anayeaga bati kabla ya kwenda kazini amempata yeye peke yake.

Mwaka huo binti yao Uwera alikuwa amepata mchumba, kijana mpole aitwaye Rwema, kutoka Buffalo. Msemaji wa upande wa kijana katika posa angekuwa baba yake mdogo, mzee Nyarugabo. Huyu Nyarugabo alikuwa na sifa mbili. Ya kwanza, hotuba zake za posa zilianzia kwa babu wa babu, na wageni wengine walishawahi kulala katikati na kuamka wakamkuta bado hajavuka mto Ruzizi. Ya pili, mzaha wake ulisafiri kwa simu haraka kuliko taarifa ya msiba.

Na mzaha ndio uliomtia Rudasingwa matatani. Walikutana kwenye harusi ya watu huko Columbus, kabla ya baridi kuanza, na Rudasingwa, akiwa ameshiba nyama na soda, akaropoka mbele ya meza nzima.

"Muzee Nyarugabo, mimi nakusikitikia kweli. Batu ba Buffalo munakaa ndani ya frigo, halafu munasema ni mji!"

"Na wewe wa Louisville unakaa wapi? Mbinguni?"

"Mukikuja kwangu kuposa, mutakaa na shati tu. Koti mutalisahau ukutani!"

Nyarugabo aliweka uma chini polepole. "Bon. Batu bote bamesikia. Nikivaa koti ndani ya nyumba yako hata mara moja, posa inasimama, narudi na kijana wangu, na kila kanisa litajua juu ya nini."

Meza ilicheka. Uwera peke yake hakucheka, maana aliwafahamu wazee wote wawili.

Posa ikapangwa. Mara ya kwanza theluji itokayo ziwani ikafunga barabara za Buffalo, ikaahirishwa. Ikapangwa upya, Jumamosi moja ya Januari. Na mwanzoni mwa wiki hiyohiyo, baridi kali ikashuka Louisville pamoja na theluji.

Asubuhi hiyo Rudasingwa alimkuta Gitare ameota barafu nyembamba mbavuni, nyeupe kama unga. Alikuwa akitetemeka. Kisha ghafla feni ikasimama, kukasikika mlio wa shhhh, na moshi mweupe ukapanda kutoka mgongoni mwake mpaka kwenye mabomba ya paa.

Rudasingwa alirudi nyuma hatua. Ugonjwa huo aliujua. Ndama hutetemeka, kisha hufuka mvuke, na usipomwahi unampoteza.

Ukweli ni kwamba Gitare alikuwa mzima kabisa. Pampu za joto zote hufanya hivyo wakati wa baridi: zikiota barafu hujipasha zenyewe kwa muda mfupi, barafu ikayeyuka, mvuke ukapanda, kisha zikaendelea na kazi. Lakini hapakuwa na mtu wa kumweleza, na hata angekuwapo asingeulizwa, maana Rudasingwa alikuwa tayari ndani anapekua kabati la mkewe.

Alichotoa humo kilikuwa blanketi la wageni, zito, lenye manyoya laini, lenye picha ya chui wawili wakitazamana. Nyirabeza hulitandika akija mchungaji tu. Rudasingwa alimfunika Gitare vizuri kuanzia mgongoni hadi miguuni, akapitisha kamba chini ya tumbo, akafunga fundo la wachunga ng'ombe. Upande wa bomba aliuacha wazi, kwa kuwa aliamua huko ndiko pua iliko.

Kufikia mchana nyumba ilianza kupoa.

"Hali yake imezidi," Rudasingwa alijisemea, akaenda kumwongezea shitingi la bluu, lile turubai la plastiki.

Kufikia jioni nyumba ilikuwa baridi hasa, na kadiri ilivyozidi kupoa ndivyo Gitare alivyozidi kufunikwa. Siku iliyofuata alikuwa na blanketi, shitingi, kanzu kuukuu ya Rudasingwa ya kwaya, na kofia ya sufu juu kabisa ya feni.

Nyirabeza alikuwa na shughuli nyingi mno za posa hata asiende nyuma ya nyumba. Aligundua tu kwamba blanketi lake halipo, na akaamua moyoni kwamba limebaki kwa jirani yao Kanyange tangu ule ugeni wa Krismasi. Kwenye mazoezi ya kwaya akamsalimu Kanyange kwa ncha za vidole.

Fundi alipopigiwa simu alisema baridi imeziangusha mashine za nusu ya mji, kwa hiyo atafika Jumatatu. Jumatatu! Basi Rudasingwa akampigia video shemeji yake Anicet, kaka wa Nyirabeza, anayekaa Clintonville huko Columbus. Anicet naye ana pampu ya joto, na aliwahi kusimama nyuma ya fundi tangu mwanzo hadi mwisho, jambo lililomfanya ajihesabu kuwa nusu fundi.

"Bofrere, nyumba yangu imekufa na baridi."

"Bon, tulia. Ile ya ukutani, temostati, inaonyesha nini?"

"Inaonyesha joto."

"Angalia muzuri! Kwangu mutoto aliiweka kwenye kupoza, tukavaa makoti siku nzima tukisema shetani."

"Nimesema inaonyesha joto, Anicet. Kusoma najua."

"Donc, filtre. Vuta filtre uione."

Rudasingwa akavuta chujio la hewa. Lilikuwa limejaa vumbi la kijivu kama kondoo mzee. Akaweka jipya. Baridi haikujali.

"Matundu ya hewa? Hakuna kitu kimeyaziba?"

Lilikuwepo kochi la wageni, limekaa juu ya tundu la sebuleni. Likasogezwa, Nyirabeza akilalamika kwamba sasa sebule inaonekana kama kituo cha basi. Tundu likapuliza hewa, hewa yenyewe ya baridi.

"Nenda kwenye swichi kubwa za umeme."

Moja ilikuwa imeanguka. Rudasingwa akaipandisha. Pa! Ikaanguka tena na harufu ya kuungua ikatoka kabatini.

"Acha, acha!" Anicet alipiga kelele. "Hiyo ni hita ya akiba, imeungua. Usiiguse, ingoje fundi. Na ile mashine ya nje?"

Rudasingwa alikohoa. Baba yake hakuwahi kumwonyesha mtu wa ukoo mwingine ng'ombe mgonjwa, wala kumtaja, mpaka asimame mwenyewe na kula. Na shemeji, hata umpende vipi, ni mtu wa ukoo mwingine.

"Ya nje nimeishaitunza."

"Haina theluji juu?"

"Hata tone moja."

"Iko safi?"

"Iko safi, na inasikia joto."

Anicet alikuwa anaitwa mezani na mkewe, kwa hiyo hakutulia kujiuliza ni bati gani hilo linalosikia joto. "Basi, bofrere, mimi akili yangu imefika mwisho," alisema. "Tutaonana Jumamosi."

Siku moja kabla ya posa, Uwera alimkuta baba yake sebuleni amevaa soksi mbili mbili. "Papa, just call them," alisema kwa Kiingereza, lugha anayowatolea wazazi mambo mazito. "Wapigie simu, waambie tu ukweli."

"Niambie Nyarugabo kwamba nimeshindwa na baridi? Mimi?"

"Papa, wakiahirisha tena, na yule mzee akianza maneno yake, mimi nitaolewa lini?"

Rudasingwa akavuta soksi zake juu. Uwera akaingia chumbani akampigia Rwema: mwambie mzee wenu avae vizuri chini, ndani ya suti, na asiulize kwa nini.

Jumamosi mchana Nyirabeza aliwasha mafiga yote ya jiko na kuinjika maziwa na chai katika sufuria zote alizonazo, ili nyumba ipate mvuke. Kanyange, asiyejua kosa lake, alileta hita ndogo ya kuazima. Rudasingwa akaificha nyuma ya pazia, na alasiri nzima ikapasha pazia.

Wageni wakafika kwa magari mawili, wamelala Columbus njiani na kumchukua Anicet. Nyarugabo aliingia wa kwanza. Alisimama katikati ya sebule, akavuta hewa puani kama anayeonja mchuzi, akawatazama watu wote. Kisha akavua koti lake kubwa, taratibu, mkono mmoja baada ya mwingine, akalitundika msumarini. Akavua na jaketi la suti. Akakaa kwa shati.

Rudasingwa angefanyaje? Akavua jaketi lake, akabaki na shati na kofia yake ya sherehe.

"Karibuni," alisema, na pumzi yake ikatoka kama ya trekta.

"Tumekaribia," Nyarugabo alijibu, naye akifuka. "Kumbe kwako kuzuri. Kunanikumbusha nyumbani."

"Hakuna... hakuna shida ya baridi?"

"Baridi gani? Wewe unasikia baridi?"

"Mimi? Hapana! Nataka hata kufungua dirisha."

"Fungua."

Sebule nzima ikamtazama Rudasingwa. Mama mmoja wa Buffalo akamshika mwenzake mkono. Rudasingwa aliinuka, akafungua dirisha upana wa kidole, akarudi kukaa. Meno yake yalikuwa yanapiga ngoma, na ilimbidi ayaume ili yasisikike. Kilichomshangaza ni kwamba Nyarugabo hakutetemeka hata unyusi.

Posa ikaanza, na haikuwahi kutokea posa yenye kasi namna ile. Kila mtu alitaka iishe. Wageni wakasema wametumwa na ukoo fulani. Wenyeji wakasema wanaujua. Wakasema wameona ua zuri. Wenyeji, ambao kwa kawaida hujifanya hawajui ua lenyewe kwa nusu saa nzima, wakasema ndiyo, ni Uwera, yupo jikoni. Uwera alikuwa ameshaanza kutabasamu nyuma ya mlango. Likabaki neno la ng'ombe.

Nyarugabo akainuka. "Ng'ombe tutaleta. Lakini mimi siwezi kupeleka ng'ombe kwenye zizi sijaliona. Nimesikia hapa kuna ng'ombe mumoja, jina lake Gitare."

Uwera alifumba macho. Kisa cha Gitare alikuwa amemsimulia Rwema wakati wa mapenzi mapya, na Rwema alikisimulia gari zima kuanzia Cleveland.

"Gitare amepumzika," Rudasingwa alisema haraka.

"Tutamsalimia kwa sauti ndogo."

"Hapendi wageni."

"Basi ng'ombe wangu watakaa naye namna gani? Papa Uwera, bila kumwona Gitare, mimi sitoi neno la mwisho."

Sheria za posa ni hizo. Mgeni akiomba kuona zizi huwezi kukataa. Rudasingwa akainuka kama anayepelekwa mahakamani, na watu wote wakamfuata: wazee kwa suti, akina mama kwa mishanana yao iliyofungwa begani juu ya masweta, Nyarugabo kwa shati. Wakazunguka jiko, wakasimama.

Gitare alikuwa pale, kimya kabisa. Kofia ya sufu. Kanzu ya kwaya. Shitingi la bluu limefungwa kwa kamba. Chini yake, pindo la blanketi, na jicho moja la chui likiwatazama.

Nyarugabo akakaa kwenye theluji. Si kwamba alianguka. Miguu ilikataa kumbeba kwa kicheko. "Batu ba Louisville!" alilia. "Banavalisha mashini! Na kofia! Anakwenda kanisa gani huyu?"

Lakini sauti iliyoshinda zote ilikuwa ya Nyirabeza.

"Blanketi yangu! Rudasingwa! Blanketi yangu ya muchungaji!" Akalivuta kwa mikono miwili, na shitingi, kanzu na kofia vikaja nalo. Kisha akamkumbuka Kanyange, akageuka polepole, akamkuta amesimama nyuma yake na birika la chai. "Mama," Nyirabeza alisema, "kesho kanisani nitakusalimia na mikono yote miwili. Usiniulize."

Anicet alikuwa ameshika kichwa. "Bofrere! Ndiyo hii ulisema inasikia joto?"

"Alikuwa na homa. Alitetemeka, akatoa moshi."

"Ile si homa, anajitoa barafu! Sikiliza. Hii mashini inachota joto huku nje na kuleta ndani. Hiyo ndiyo kazi yake. Wewe umefunika kisima, halafu unalia kwamba ndoo iko tupu."

"Joto gani liko huku nje? Angalia pumzi yako!"

"Liko kidogo, lakini liko. Yeye anajua fasi ya kulitafuta, anajua liko wapi. Umemuzuia kuvuta hewa, barafu ikajaa, akazima mwenyewe asife."

Rudasingwa alimtazama Gitare, ambaye sasa, bila nguo, alionekana amegandishwa kila ubavu. Akavua kofia yake mwenyewe. "Kumbe nilimuziba pua," alisema kwa sauti ndogo.

Kijana mmoja wa Buffalo alitaka kupasua barafu kwa koleo. Anicet akamzuia, maana mbavu za mashine hizo ni nyembamba kama karatasi. Wakazima umeme wake kwanza. Kisha yakaja maji ya uvuguvugu. Na kwa kuwa sufuria zilikuwa zimejaa maziwa na chai, vyote vikamiminwa kwenye mabakuli na mitungi, na akina mama wakapanga mstari kutoka jikoni, sufuria kwa sufuria za maji, wakimwagia Gitare na kuimba wimbo wa ubatizo. Barafu ikaanguka vipande vipande.

Anicet akarudisha umeme. Kimya.

"Inabidi kungoja kidogo," alisema, bila uhakika mwingi.

"Tuombe," Nyarugabo akasema, bado amekaa kwenye theluji, akafumba macho na kuanza kwa kuwataja mababu. Kabla hajamaliza wa pili, Gitare akakohoa, akatikisika, na feni ikaanza kuzunguka. "Amina!" Nyarugabo akapaza sauti, na hadi leo husimulia kwamba ni yeye aliyemponya.

Nyumba ilichukua muda kupata joto, lakini ilipata. Watu wakavua masweta, maziwa yakagawiwa, Uwera akatoka jikoni akakaa. Ilibaki neno moja tu la mwisho.

Nyarugabo akasimama, akajikohoza. "Yale tulisema kwenye baridi ni ya baridi," alitangaza. "Sasa joto limekuja, tuanze muzuri. Babu wa babu yangu alikuwa na ndugu watatu..."

Mnung'uniko ukapita sebuleni. Uwera alimtazama baba yake kwa macho ya mtu anayezama. Nyarugabo akapanda milima, akashuka, akahesabu ng'ombe wa kila ukoo na rangi zao. Rudasingwa, aliyekuwa akimsikiliza kwa heshima, aliona kitu. Uso wa Nyarugabo uling'aa jasho. Tena, kila alipoinua mkono kuonyesha mto, chini ya mkono wa shati ulichungulia mkono mwingine, wa sufu ya kijivu, na chini ya huo mwingine tena.

Rudasingwa alielewa yote. Aliinuka taratibu, kama mtu anayekwenda kuangalia saa, akasimama karibu na ile temostati ya ukutani, akapandisha joto kidogo.

Nyarugabo alifika Ruzizi. Akajifuta paji. Rudasingwa akapandisha tena.

"Na pale Ruzizi," Nyarugabo alisema, akilegeza tai, "babu yetu akasema... alisema maneno marefu..."

"Muzee," Rudasingwa alimwuliza kwa upole mkubwa, "hakuna shida ya joto? Kama iko, toa shati."

Nyarugabo alimtazama. Alitazama temostati, kisha mkono wake wa sufu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya usemaji akauruka mto bila kuuvuka.

"Tunaomba muke!" alipiga kelele. "Kwisha!"

"Mumepewa!" Rudasingwa akajibu.

Vigelegele vilipolipuka, na Rwema akiwa bado haamini, Nyarugabo alikuwa ameshatoka kwa mlango wa jikoni. Walimkuta amesimama kando ya Gitare, mikono imepanuliwa, anapulizwa na feni huku akimwita ng'ombe wa kweli kabisa.

Jioni wageni walipanda magari wakaondoka wakiimba. Walikuwa wameshaikaribia Columbus Rwema alipopiga simu, sauti yake imejaa aibu: mzee anauliza, si kwamba anasikia baridi, anauliza tu, kama kuna mtu ameliona koti lake.

Rudasingwa aligeuka. Lilikuwa msumarini, ukutani.